Bia ya Shira ya Kimea Inapochelewa Kuchachuka: Mwongozo kwa Mpika Bia Anayeanza

Uchachukaji wa bia ni kazi ya hamira, kiumbe hai wa seli moja anayekula sukari iliyomo katika maji ya kimea na kutoa alkoholi, gesi ya kaboni dioksaidi na joto. Kwa hiyo bia inapochelewa kuchachuka, jambo la kuchunguzwa kwanza si ndoo wala kifuniko chake, bali ni hali ya kiumbe huyo: kama yu hai, kama idadi yake inatosha, kama amepata joto na hewa anayoihitaji, na kama kimebaki chakula anachoweza kukila. Mpika bia anayeanza huelekea kuyaruka maswali haya na kukimbilia dawa. Huongeza hamira, huongeza sukari, hufungua kifuniko mara kwa mara na kukoroga, na kwa kufanya hivyo huiharibu bia ambayo, kama ingeachwa siku chache zaidi, ingekwisha salama.

Bia inayozungumziwa hapa ni ile inayopikwa nyumbani kwa shira ya kimea, yaani maji matamu ya kimea cha shayiri ambayo kiwanda kimekwisha kuyakamua na kuyapunguza mpaka yakawa mazito na yenye kunata, au kikayakausha kabisa yakawa unga. Shira hiyo huuzwa kwa makopo, aghalabu ya kilo 1.5 hadi 1.8, na mara nyingi huwa imekwisha kutiwa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na sehemu kubwa ya harufu yake. Chini ya kifuniko cha plastiki cha kopo huwekwa pakiti ndogo ya hamira kavu. Upikaji wa namna hii ulishamiri Uingereza baada ya mwaka 1963, serikali ilipoondoa sharti la leseni kwa anayejipikia bia nyumbani, na Marekani baada ya sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978. Wasomaji wa Kiswahili wanaoishi katika nchi hizo wanaweza kulinunua kopo dukani bila shida; aliyeko Afrika Mashariki anapaswa kuanza kwa kuijua sheria ya nchi yake, kwani nchini Kenya, kwa mfano, sheria ya udhibiti wa vileo ya mwaka 2010 inamtaka anayetengeneza kileo awe na leseni.

Aliyezoea pombe za kienyeji atakuta hapa tofauti moja yenye uzito mkubwa. Mbege na busaa hupata hamira yake kwenye vyombo, kwenye kimea chenyewe na kwenye masazo ya pombe iliyotangulia, na hunywewa ingali inachemka, kwa hiyo pombe iliyochelewa kidogo huwa tu tamu zaidi siku hiyo na kali zaidi kesho yake. Bia ya shira hupewa hamira ya aina moja, kwa kiasi kidogo, kisha hutazamiwa imalize sukari yake yote inayolika kabla ya kufungiwa kwenye chupa. Ikifungwa kabla ya kumaliza, gesi huendelea kuzalishwa mahali pasipo na njia ya kutokea, na chupa za kioo hupasuka kwa nguvu inayoweza kumjeruhi mtu. Kuchelewa kwa uchachukaji, basi, si suala la subira peke yake. Ni suala la kujua kwa hakika bia imefika wapi.

Kutofautisha kuchelewa na kukwama

Malalamiko ya kwamba bia haichachuki hubeba hali zisizofanana, na kila moja ina tiba yake. Kuna bia ambayo haijaanza kabisa. Kuna iliyoanza na inakwenda polepole. Kuna iliyokwenda vizuri kisha ikasimama juu ya pale ilipotarajiwa kuishia. Na kuna, tena hii ni ya kawaida mno, iliyokwisha kumaliza kazi yake bila mwenyewe kujua.

Kuhusu bia ambayo haijaanza, inafaa ieleweke kwamba hamira ikishatiwa kwenye maji ya kimea haianzi kutoa gesi papo hapo. Kwanza hufyonza oksijeni, hujenga kuta za seli zake na kuanza kuzaana, na hata gesi ya kwanza inayotolewa huyeyuka ndani ya maji kabla ya kuonekana juu. Kipindi hiki cha ukimya huchukua kwa kawaida kati ya saa 6 na 24, na kinaweza kufika saa 48 ikiwa joto ni la chini au hamira ni chache. Saa 72 zikipita bila povu, bila mabadiliko ya densiti na bila harufu yoyote ya uchachu, hapo ndipo ni haki kusema kwamba hamira imekufa au haitoshi, na kutia nyingine.

Kosa kubwa katika hatua hii ni kuamini kizibo cha maji. Kizibo hicho ni kijibomba kilichopindwa, chenye maji kidogo ndani, kinachoiruhusu gesi kutoka kwenye ndoo huku kikizuia hewa na wadudu kuingia. Mapovu yanayopita ndani yake humfurahisha mwenye bia, na yakikoma humtia hofu. Lakini ndoo za plastiki mara nyingi hazifungi sawasawa, na gesi ikipata upenyo mdogo kwenye ukingo wa kifuniko hupita hapo badala ya kuyasukuma maji ya kizibo, hata kama ndani uchachukaji umepamba moto. Kinyume chake ni kweli pia: ndoo iliyohamishwa kutoka chumba cha baridi kwenda chumba cha joto huanza kutoa mapovu kwa sababu tu gesi iliyoyeyuka inaachiliwa, ilhali hamira imelala. Dalili bora kwa macho ni utepe wa rangi ya kahawia unaobaki umeganda kwenye ukuta wa ndoo juu ya usawa wa bia, kwani huo huachwa na povu lililopanda na kushuka, na mwenye kuuona anajua kwamba kazi ilifanyika, pengine usiku akiwa amelala.

Kipimo kinachotoa hukumu

Kifaa kinachomaliza ubishi ni haidromita, kijiti cha kioo chenye uzito chini na mistari ya vipimo juu, ambacho huelea ndani ya kimiminika na kuonyesha densiti yake ikilinganishwa na ya maji. Maji matupu husoma 1.000. Sukari huongeza densiti, kwa hiyo kijiti huelea juu zaidi. Sukari inapoliwa na alkoholi, iliyo nyepesi kuliko maji, ikachukua nafasi yake, kijiti huzama. Bia ya kawaida ya kopo huanza kati ya 1.038 na 1.050 na kuishia kati ya 1.008 na 1.015. Mpika bia asiye na haidromita hana njia ya kujua kama bia yake imekwama au imekwisha, na fedha ya kununulia kifaa hiki ingetangulizwa kabla ya ile ya kununulia kopo la pili.

Upimaji wenyewe una adabu zake. Bia huchotwa kwa chombo kilichotakaswa, hutiwa kwenye mrija mrefu, na haidromita hutumbukizwa kisha huzungushwa taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada ili vipovu vya gesi vilivyoshika kwenye kioo viachie, kwa sababu vipovu hivyo hukiinua kijiti na kuifanya bia ionekane nzito kuliko ilivyo. Jicho huwekwa usawa na uso wa bia, na namba husomwa pale uso ulipo tambarare, si pale unapopanda kidogo kukumbatia kioo. Haidromita nyingi zimesanifiwa kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Bia yenye nyuzi 30 itasomeka pungufu kwa takriban 0.003, na tofauti hiyo hupaswa kuongezwa. Bia iliyochotwa kwa kupimwa hairudishwi kwenye ndoo. Hunywewa au humwagwa, na kuionja ni sehemu ya uchunguzi, kwani utamu mzito wa kimea ulimini ni ushahidi wa sukari iliyobaki.

Kwa bia za shira kuna mtego mwingine unaostahili kuelezwa kwa urefu, maana huwapotosha wengi siku ya kwanza. Utaratibu wa kopo humtaka mpikaji ayeyushe shira katika lita chache za maji ya moto na kuongeza maji baridi mpaka lita 20 au 23. Shira ni nzito na maji ni mepesi, na visipokorogwa kwa bidii hubaki matabaka: anayechota karibu na uso husoma namba ndogo mno, anayetumia bomba la chini ya ndoo husoma namba kubwa mno, na wote wawili hujenga matarajio yao juu ya namba isiyo ya kweli. Bahati nzuri ni kwamba densiti ya mwanzo ya bia ya shira inaweza kukokotolewa bila kupimwa, kwa kuwa kiasi cha sukari kilichotiwa kinajulikana. Kilo moja ya shira nzito katika lita moja ingeleta pointi 300 hivi, kilo moja ya shira ya unga pointi 365 hivi, na kilo moja ya sukari ya mezani pointi 385 hivi, pointi moja ikiwa ni 0.001 ya densiti. Kopo la kilo 1.7 pamoja na kilo moja ya sukari ni pointi 510 na 385, jumla 895. Zikigawanywa kwa lita 23 hupatikana pointi 39, yaani 1.039. Haidromita ikisema 1.030 siku hiyo, aliyekosea ni mkorogaji, si shira.

Joto

Sababu iliyo mbele ya zote ni baridi. Hamira za bia ya aina ya eli, yaani bia inayochachuka karibu na joto la kawaida la chumba, na ambazo ndizo zinazowekwa katika makopo mengi, hupenda nyuzi 18 hadi 22. Chini ya nyuzi 15 nyingi kati yake hupunguza kasi, hushikamana na kuzama chini kama mashapo. Hamira za bia ya aina ya laga hufanya kazi kwenye nyuzi 8 hadi 13, lakini zinahitaji idadi ya seli iliyo maradufu na muda mrefu zaidi, na si pa kuanzia kwa asiye na jokofu la pekee.

Chukuliwe mfano wa bia iliyopikwa mwezi Januari katika nyumba ya Uingereza ambamo mitambo ya kupasha joto huzimwa usiku. Mchana sebule ina nyuzi 20, na siku mbili za kwanza povu linapanda vizuri, tena bia yenyewe huwa na joto kuliko chumba kwa nyuzi kadhaa, kwa kuwa uchachukaji huzalisha joto lake. Siku ya nne kazi inapungua, joto la ndani linapungua nalo, na usiku chumba kinashuka hadi nyuzi 13. Hamira iliyokuwa ikijipasha sasa haina cha kujipasha, nayo sakafu ya saruji chini ya ndoo inaendelea kulinyonya joto lililobaki. Siku ya saba haidromita inasoma 1.022, siku ya tisa 1.022. Mwenye bia anahitimisha kwamba hamira ilikuwa mbovu, ilhali hamira imefanya yote iliyoweza kufanya katika joto iliyopewa.

Tiba ya hali hii ni kuipandisha bia polepole hadi nyuzi 20 au 21 na kuiacha hapo. Blanketi peke yake halitoshi, kwa kuwa blanketi huhifadhi joto lililopo wala halizalishi jipya. Njia iliyo rahisi na salama ni kuisimamisha ndoo ndani ya beseni la maji yanayopashwa na hita ndogo ya tangi la samaki, iliyotengenezwa kufanya kazi majini. Maji hubadilika joto taratibu, na bia hufuata bila misukosuko. Wengine hutumia mkanda wa umeme unaozungushiwa ndoo, ambao unafaa ikiwa joto linafuatiliwa kwa kipimajoto kilichobandikwa kwenye ukuta wa ndoo, maana usipoangaliwa unaweza kuipeleka bia nyuzi 28 na kuijaza ladha kali za alkoholi nzito. Ndoo iliyoko sakafuni iinuliwe juu ya ubao.

Pwani ya Afrika Mashariki tatizo hugeuka. Katika nyuzi 28 hadi 32 za Dar es Salaam au Mombasa, hamira ya eli inaweza kumaliza sehemu kubwa ya sukari kabla ya siku ya tatu, na anayefungua siku ya nne na kukuta kimya huona uchachukaji haukutokea, kumbe umetokea kwa haraka iliyopita kiasi. Huko haja ni kupoza, kwa taulo lenye maji na feni au kwa chupa za barafu kwenye beseni. Njombe na Limuru, kwa upande wao, zina usiku wa Juni na Julai unaoshuka chini ya nyuzi 10, na mpika bia mwenye leseni huko angekabiliwa na shida ile ile ya nyumba ya Januari.

Hamira yenyewe

Tangu Emil Christian Hansen alipofanikiwa mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, kukuza hamira safi kutokana na seli moja, wapika bia wameweza kununua hamira ya tabia inayojulikana. Pakiti iliyo chini ya kifuniko cha kopo ni tunda la kazi hiyo, lakini safari yake huwa ndefu: hukaa na kopo ghalani, melini na dukani, na joto la njiani huua sehemu ya seli hata kama tarehe ya mwisho wa matumizi haijafika.

Kiasi nacho ni kidogo. Kanuni inayofuatwa na wengi kwa bia ya eli ni seli laki saba na nusu katika kila mililita kwa kila digrii moja ya Plato, digrii ya Plato ikiwa ni asilimia ya sukari kwa uzito; bia ya lita 23 inayoanzia 1.040, ambayo ni sawa na digrii 10, huhitaji basi seli bilioni 170 hivi. Gramu moja ya hamira kavu iliyotunzwa vizuri huwa na seli hai kati ya bilioni 6 na 20. Pakiti ya gramu 7 hushindwa kufikia kiwango hicho hata ikiwa katika hali nzuri kabisa, na iliyozeeka huwa mbali nacho. Bia itachachuka, lakini itachelewa kuanza, na seli zitachoka kabla ya kufika mwisho. Kwa sababu hii ni busara kununua pakiti ya gramu 11 ya hamira yenye jina na tarehe, na kuiweka kwenye friji mpaka siku ya kupika.

Namna ya kuitia ina athari pia. Hamira inayonyunyizwa juu ya maji ya kimea yenye nyuzi 45, kwa haraka ya kumaliza kazi usiku, hudhurika vibaya, na ikifika nyuzi 50 au zaidi hufa. Kipimajoto, si kiganja kinachopapasa ukuta wa ndoo, ndicho kinachopaswa kusema kwamba maji yamepoa chini ya nyuzi 25. Watengenezaji kadhaa huruhusu hamira kavu kunyunyizwa moja kwa moja, lakini kwa pakiti inayotiliwa shaka ni afadhali ilowekwe kwanza: maji yaliyochemshwa yakapoa hadi nyuzi 30 au 35, uzito wake mara kumi ya ule wa hamira, yawekwe kwenye kikombe kisafi, hamira inyunyizwe juu na kuachwa dakika 15 bila kuguswa, kisha ikorogwe taratibu. Iliyo hai hugeuka uji mwepesi wa rangi ya krimu, wenye harufu ya mkate mbichi, na ikionjeshwa chembe za sukari huanza kuvimba ndani ya nusu saa. Iliyokufa hubaki tope lililotulia chini ya maji. Uji huo upoe mpaka ukaribiane na joto la maji ya kimea kabla ya kumiminwa, kwa kuwa mruko wa ghafla wa zaidi ya nyuzi 10 huziua seli nyingi zilizokwisha kuamka.

Hewa na chakula

Oksijeni inahitajika mwanzoni tu. Seli huitumia kutengeneza steroli, mafuta yanayoulainisha utando wake na kuziwezesha kuvumilia alkoholi baadaye. Maji yaliyochemshwa huwa yamepoteza karibu oksijeni yake yote, na kwa hiyo maji ya kimea yakishapoa hupaswa kumiminwa kwa kishindo kutoka juu au kukorogwa kwa nguvu dakika kadhaa. Hamira kavu huja na akiba yake ya mafuta na huvumilia upungufu huu kuliko ile ya maji. Uchachukaji ukishaanza, hewa hugeuka adui, na anayeikoroga bia iliyokwama mpaka ikatoa povu huipa, wiki chache baadaye, ladha ya karatasi iliyolowa.

Kuhusu chakula, kimea cha shayiri hubeba si sukari tu bali pia nitrojeni na madini, zinki miongoni mwake, ambayo hamira huyahitaji kwa kuzaana. Sukari ya mezani haina chochote cha haya. Maelekezo ya makopo mengi yanayotaka kilo moja ya sukari huipunguzia hamira lishe bila kupunguza kazi yake, na anayebadilisha nusu au yote ya sukari hiyo kwa shira ya unga hupata bia yenye mwili zaidi na uchachukaji ulio thabiti zaidi. Virutubisho vya hamira vinavyouzwa madukani husaidia, kwa kiasi cha nusu kijiko cha chai kwa ndoo nzima. Klorini ya maji ya bomba hulaumiwa mara nyingi kupita haki. Katika viwango vya kawaida huharibu ladha kuliko inavyoizuia hamira, ingawa ndoo iliyotakaswa kwa dawa ya klorini na kusuuzwa vibaya ni habari nyingine.

Mahali ambapo shira inakoma

Maji ya kimea yana sukari za namna nyingi, na hamira huzila kwa mpangilio: glukosi kwanza, kisha maltosi, ambayo ni karibu nusu ya zote, na mwisho maltotriosi, ambayo baadhi ya hamira huishughulikia kwa shida. Zinabaki dekstrini, minyororo mirefu ya sukari ambayo hamira ya kawaida ya bia haiwezi kuikata. Anayepika kwa nafaka hupanga mwenyewe, kwa joto analolowekea kimea, dekstrini ziwe ngapi. Anayetumia shira amenunua uamuzi uliokwisha kufanywa kiwandani, na hakuna juhudi ya jikoni itakayoubadilisha. Shira nyeusi, na iliyokaa ghalani muda mrefu, mara nyingi huacha mabaki mengi zaidi. Hii ndiyo asili ya lalamiko lililozoeleka miongoni mwa wapika bia wa shira, kwamba bia imesimama kwenye 1.020 na haishuki: mara nyingine imekwama kweli, na mara nyingine huo ndio mwisho wake halali.

Kuna jaribio dogo linalotenganisha hali hizi mbili, nalo halijulikani kiasi linavyostahili. Mililita 250 za bia huchotwa na kutiwa kwenye chupa iliyotakaswa, huongezwa kijiko kizima cha chai cha hamira kavu, mdomo hufunikwa kwa karatasi ya alumini bila kukazwa, na chupa huwekwa mahali penye nyuzi 25 hadi 27, ikitikiswa kila inapokumbukwa. Baada ya siku mbili au tatu hupimwa. Ikiwa imeshuka kutoka 1.020 hadi 1.012, sukari inayolika ipo, na bia ya ndooni imekwama. Ikiwa imebaki 1.020, hamira nyingi namna ile katika joto lile haikupata cha kula, na bia imekwisha. Jaribio hili huokoa majuma ya mahangaiko, na kwa hiyo linatangulia dawa yoyote isipokuwa kupandisha joto.

Bia ikithibitika kuwa imekwama, hatua ya kwanza ni hilo joto, pamoja na kuizungusha ndoo taratibu, ikiwa imefungwa, ili mashapo ya hamira yainuke bila bia kurushwa. Siku tatu zikipita bila mabadiliko, hutiwa hamira mpya, lakini si kwa kuinyunyiza ikiwa kavu: bia iliyokwama ina alkoholi, haina oksijeni, na seli zinazoamkia humo hufa zikiwa hazijala. Gramu 100 za shira ya unga huchemshwa katika lita moja ya maji, hupozwa hadi nyuzi 22, hutiwa pakiti ya hamira, na mchanganyiko huachwa mpaka povu lisimame juu, aghalabu kati ya saa 12 na 24. Humiminwa kwenye ndoo wakati huo huo wa kilele, hamira ikiwa na njaa na kasi. Vimeng'enya vinavyokata dekstrini vipo madukani, lakini havijui pa kukomea, na bia iliyotiwa vimeng'enya hivyo huweza kushuka hadi karibu na 1.000 na kubaki kavu isiyo na ladha ya kimea. Kwa anayeanza, bia iliyokwisha kwenye 1.018 ni kinywaji kizuri kuliko hiyo.

Kutia kwenye chupa

Chupa hazijazwi kwa kuhesabu siku. Vipimo viwili vinavyolingana, vilivyochukuliwa kwa tofauti ya siku tatu bia ikiwa kwenye nyuzi 20, na vilivyo karibu na namba iliyotarajiwa au iliyothibitishwa na jaribio la chupa ndogo, ndivyo vinavyotoa ruhusa. Sababu ya ukali huu ni ya hesabu: kila pointi moja inayochachukia ndani ya chupa huzalisha takriban nusu ya ujazo wa gesi, yaani nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Sukari ya kuamshia povu, gramu 6 kwa lita, tayari huifikisha bia kwenye ujazo wa 2.4 hivi, bia iliyofungwa ikiwa na pointi nne zilizobaki huongeza ujazo mwingine wa 2, na chupa nyingi za kioo za bia hazikutengenezwa kwa shinikizo hilo.

Aliyekwisha kujaza chupa na kuanza kuwa na wasiwasi afungue moja juu ya sinki. Povu likifoka na kutupa nusu ya bia nje, zilizobaki zihamishiwe kwenye friji mara moja, mhamishaji akiwa amevaa glavu nene na kitu cha kukinga macho, kwa sababu baridi huilaza hamira na kuifanya gesi iyeyuke ndani ya bia; zikishapoa usiku mzima, vifuniko vilegezwe kimoja kimoja mpaka gesi itoke kidogo, kisha vikazwe upya. Siku tatu baadaye ifunguliwe nyingine, na kazi irudiwe ikiwa bado inafoka.